Sweta Likirudi Lenyewe

Jumatatu mchana, soko la mtandaoni lilimtumia mfumaji ujumbe kwamba duka lake lingefungwa Ijumaa kama halitakuwa na sera zilizoandikwa kwa wateja. Mfumaji alikuwa ameuza masweta humo muda mrefu bila sera yoyote, na ujumbe ule ulimtia joto. Akampigia simu mdogo wake, karani wa ofisi ya maji, ambaye huandika barua ambazo watu huzifungua wakiwa wamekaa. Karani alifika jioni na kompyuta yake iliyong'oka herufi moja. Akavua viatu, akafuta makombo mezani kwa kiganja, akakaa.

"Dada, tuanze na kurudisha bidhaa. Hapo ndipo watu hugombana."

"Andika wana wiki mbili. Liwe halijavaliwa wala halijafuliwa."

Karani alikuwa bado anaandika pale sweta la kijani lilipoingia kwa mlango wa jikoni. Lilijikung'uta vumbi kwenye zulia la mlangoni, likapanda kiti kilicho karibu na jiko, likakunja mikono kifuani. Mfumaji alilitambua. Alikuwa amemuuzia bwana mmoja wa mji jirani, aliyelisifu sana kwenye picha.

"Haya, na hayo yanayorudi yenyewe tunayasemaje?" karani akauliza.

Masweta ya nyumba ile yalikuwa na tabia hiyo tangu enzi za mama yao. Sweta lililovaliwa halikurudi, hata kama aliyelivaa alikuwa mtu wa ovyo. Lililosahauliwa kabatini lilivumilia kwa muda, kisha likashika njia. Wateja wengi hawakugundua. Mmoja tu aliwahi kulalamika kwamba ameibiwa, na mfumaji akamuuliza kwa upole ni lini alilivaa mara ya mwisho. Mteja hakuandika tena.

"Sema ukweli," mfumaji alisema. "Sweta likirudi lenyewe litafumuliwa, na uzi wake utafumiwa nguo nyingine. Sina nafasi ya kuweka nguo zinazonuna."

"Yote?"

"Yote."

"Na yale ya kwenye droo?"

Mfumaji alichukua sindano zake na kuanza kuhesabu mishono ambayo alikuwa ameshaihesabu. Karani alimwacha. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utoto wao wote, na alijua dada yake akinyamaza namna ile hasukumwi.

Kwenye droo kulikuwa na masweta ya mtoto wa mfumaji, moja kwa kila siku ya kuzaliwa tangu baba yake alipomchukua na kumpeleka kwenye nyumba yenye geti jeusi, mtaa wa juu. Yote yalikuwa ya rangi ya ndimu iliyoiva, rangi aliyoichagua mtoto mwenyewe kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mahakama ilisema mama amwone kila Jumamosi. Kila Jumamosi mfumaji alifika getini, na mlinzi akamwambia kwa adabu kwamba familia imesafiri, huku pazia la ghorofani likichezacheza. Masweta aliyatuma kwa posta. Yote yalirudi. Yalirudi yakiwa bado na karatasi ya kifurushi, yakirukaruka njia nzima kama watu kwenye mbio za magunia, na mfumaji aliyatia kwenye droo bila kuyatazama. Alikuwa ameshajiambia kwamba mtoto hayataki. Ilimuuma sana, na alikuwa amezoea kuumia.

Karani aliinuka, akafungua droo, akatoa moja. Aligeuza kifurushi huku na huku chini ya taa.

"Dada, hebu njoo uone. Selotepu haijakatwa."

"Najua yamerudi, mdogo wangu. Usinichokonoe."

"Nakwambia haijakatwa. Hakuna hata moja lililofunguliwa. Mtoto atakataaje kitu ambacho hajakiona?"

Mfumaji alikuja, akapitisha kidole juu ya selotepu. Kisha akarudi kukaa. Alimchukia baba wa mtoto kwa moyo wote, na wakati huohuo alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa tangu siku ya mahakama.

"Tuendelee," alisema baadaye. "Ijumaa haitungoji."

Waliendelea. Kwenye usafirishaji mfumaji alikuwa na kisa chake. Mteja mmoja alimwagizia mkwewe sweta, likapokelewa na shangazi wa nyumba hiyo, na shangazi analivaa mpaka leo. Kwa hiyo karani aliandika kwamba mzigo utakabidhiwa mvaaji mwenyewe, mkononi mwake, popote alipo. Si kwa mlinzi, si kwa jirani, si kwa mtu yeyote wa nyumba. Kwenye marekebisho waliweka desturi ya mama yao: nguo iliyotoka mikononi mwao ikichanika, hurekebishwa bure maisha yake yote. Kwenye oda maalumu mfumaji hakusita.

"Mvaaji apimwe. Hatukisii vipimo. Mtu asiniletee habari za 'ana mwili kama wako.'"

Karani aliinua macho. "Ya mtoto ulipimaje?"

"Nilimpima mtoto wa jirani. Wamezaliwa mwaka mmoja."

"Yule bonge?"

"Yule yule."

Walicheka mpaka karani akashika mbavu. Mfumaji alikuwa wa kwanza kuacha. Aliwahi kumrudisha nyumbani bwana harusi mtarajiwa kwa kuja bila vipimo vya mchumba wake, na mwanawe mwenyewe alikuwa amemfumia miaka yote kwa mwili wa mtoto mwingine. Aliona haya, haya ya fundi, na aliona huruma juu yake mwenyewe pia.

Jumatano jioni karani alibonyeza, na sera zikapanda mtandaoni. Alhamisi asubuhi futi ya kupimia haikuwa kwenye msumari wake. Mfumaji aliitafuta chini ya mito, akakasirika kidogo, akafanya kazi nyingine. Alasiri futi iliingia kwa dirisha la sebuleni, ikajinyoosha mezani mbele yake. Ilikuwa na mistari ya penseli: mmoja wa kifua, mmoja wa urefu kutoka bega hadi kiunoni, mmoja wa mkono. Aliyeichora alikuwa mtu wa kukandamiza penseli. Kando ya mstari wa mkono kulikuwa na maandishi madogo yaliyopinda kufuata upana wa futi: *ongeza kidogo, nakua.*

Mfumaji alilia hapo hapo mezani, bila kujificha, na alipomaliza alinawa uso na kufungua droo.

Karani alikuja kusaidia baada ya kazi. Walikata selotepu, wakafumua masweta yote, moja baada ya jingine, karani akinyoosha mikono na dada yake akizungushia uzi. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi, ukikumbuka umbo lake la zamani, kwa hiyo waliuosha, wakauanika na kuning'iniza kikombe cha bati kwenye kila fungu mpaka ukanyooka. Kila fungu lilikuwa limefifia kwa kiasi chake. Mfumaji aliyachanganya, na sweta likatoka na mistari hafifu ya ndimu ndani ya ndimu. Kifua kilikuwa chembamba kuliko vyote alivyowahi kumfumia. Mikono ilikuwa mirefu, naye akaiongeza kidogo.

Lilipokamilika, asubuhi moja ya wiki iliyofuata, lilishuka mezani na kuelekea mlangoni.

"Ngoja kwanza," mfumaji aliliambia. Akakata uzi uliobaki kwenye kola, akalinyoosha mabega. "Haya, nenda."

Wote wawili walisimama kizingitini kulitazama. Halikushika njia ya mtaa wa juu. Lilikata kushoto penye duka la dawa, likavuka barabara baada ya kutazama pande zote mbili, likaelekea upande wa shule.

"Mkononi mwake, popote alipo," karani alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeandika sentensi nzuri.

Siku zilizofuata mfumaji alikuwa roho juu. Kila mlango wa jikoni ulipolia aligeuka. Liliingia la kahawia la mwalimu mmoja, likaingia la mtoto mchanga aliyekua likawa dogo kabla hajavalishwa. La ndimu halikuingia. Karani, kwa upande wake, aliandikia mahakama barua kali kuliko zote alizowahi kuandika, na mahakama ikajibu kwamba jalada linatafutwa.

Jumamosi mfumaji alikwenda getini kama kawaida.

"Wamesafiri, mama," mlinzi alisema.

"Wote?"

"Wote." Aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kazi ya kulinda.

Pazia la ghorofani lilichezacheza. Mfumaji alilipungia mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashika njia ya nyumbani.

Jumapili jioni, karani akiwa mezani anajibu maswali ya wateja, mfumaji aliingia jikoni kuchemsha maji akalikuta sweta la ndimu limekaa kwenye kiti cha karibu na jiko. Alisimama na birika mkononi, akatamani asilisogelee. Sweta likamnyooshea mkono wa kulia.

Kiwiko kilikuwa kimetoboka. Tundu lenyewe lilikuwa la kweli, la mtu aliyeanguka kwenye changarawe au anayeegemea dawati siku nzima. Penye upindo wa mkono kulikuwa na wino. Kifuani kulikuwa na doa ambalo mtu alijaribu kulitoa kwa mate. Mfumaji alilishika, akalileta usoni. Lilinuka chaki na jasho, na sabuni ya nyumba asiyoijua.

Aliweka birika chini, akatafuta sindano na uzi uliobaki, akakaa.

Karani alisoma kutoka sebuleni bila kuinua kichwa. "Dada, kuna mteja anauliza. Marekebisho huchukua muda gani? Hatukuandika."

Mfumaji alikuwa ameshapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alipima kiwiko kwa kidole, akaamua kukifuma mara mbili ili kidumu.

"Andika hadi asubuhi," alisema. "Kesho kuna shule."