Robo Fainali Iliyokutwa na Sabato

Mume wangu Ogeto anaijua historia ya Harambee Stars kuliko anavyowajua wajomba zake. Kombe la Chalenji tulilichukua mara tatu mfululizo, miaka ya themanini; Kombe la Afrika huwa tunaenda kusalimia tu na kurudi. Nimeyasikia hayo nikichuma majani chai hadi masikio yamechoka.

Robo fainali ya kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, sisi na Madagaska, ilichezwa Ijumaa. Jua likazama, Sabato ikaingia tukiwa sare, bao moja kila upande. Ogeto, Msabato wa kuzaliwa, akazima redio mwenyewe.

"Mpira utangoja," akasema. "Sabato haingoji."

Asubuhi kanisani hapa Ikonge hakuna aliyeuliza matokeo. Sote tulikuwa tumezima redio, na kwetu Kenya ilikuwa bado haijashindwa. Sijawahi kuipenda timu hiyo kama asubuhi ile.

Kisha Mose, mzee wa kanisa, yule anayetukemea hata tukichemsha chai siku ya Sabato, akasimama kuomba.

"Bwana, wafariji vijana wetu," akasema kwa uchungu, "hasa wale waliokosa penalti."

Kanisa zima likafungua macho.