Yai la Saba

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla wengine hawajanisaidia kuisimulia. Mwaka wa kwanza wa chuo cha ubunifu nilifeli somo la sekta za uchumi. Si kuchora, la! Kuchora naweza hata nikiwa nimefumba jicho moja. Nilifeli lile somo ambalo darasa zima tulilichukulia kama la kupumzikia, kwa sababu halina rangi wala mkasi, ni maneno tu. Sekta ya kwanza ni wanaolima, wanaofuga, wanaovua na wanaochimba. Ya pili ni viwanda, wanaochukua kilichotoka kwa wale wa kwanza wakakigeuza kuwa kitu kingine. Ya tatu ni wanaobeba, wanaouza na wanaohudumia watu. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa, nami nilijiona nimeelewa kuliko wote.

Kwenye mtihani tuliambiwa tuchore sekta hizo na tumweke mbunifu mahali pake. Nikachora visanduku vitatu safi, kijani, bluu na chungwa, kila kimoja na ukuta wake mnene. Juu yao nikachora duara la rangi ya dhahabu, nikaandika ndani yake: MBUNIFU. Ilipendeza hiyo kazi, sisemi uongo. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi ambaye penseli haimtoki kwenye nywele na ambaye tunamwita Mama Penseli, aliigeuza karatasi huku na huku, akaniuliza huyu wa juu amesimama juu ya nini. Nikamjibu kwamba anawaangalia wote. Akanipa tatu kwa kumi, na pembeni ya duara langu akaandika neno moja: anaelea.

Halafu akanipa nafasi ya mwisho. Baada ya wiki sita nilete kitu nilichokibuni mwenyewe, kilichopita sekta zote tatu, na kiwe kimeshatumika kazini kwa angalau wiki mbili. Nije na mtu mmoja ambaye mikono yake inakigusa kila siku, azungumze mbele ya walimu watatu. Nikishindwa, narudia mwaka. Kurudia mwaka, mimi! Baba alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mimi ndiye wa kwanza darasani, jambo ambalo, nikiri, alilisikia kutoka kwangu.

Mtu mwenye shida hukumbuka ndugu. Nikaenda kwa shangazi, dada yake baba, anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake. Ana kuku mia mbili na banda safi kuliko chumba changu. Kila asubuhi hukusanya mayai, huyapanga kwenye trei, na trei hupelekwa kwa baiskeli hadi duka la kona. Trei zenyewe hutengenezwa mtaa wa pili, kwenye kiwanda kidogo cha mzee mmoja anayeloweka magazeti na maboksi chakavu mpaka yawe rojorojo, kisha huyamwaga kwenye kalibu na kuyaanika. Kwa kazi hiyo watu walimwita Bwana Uji, na jina likamganda. Basi nikaona sekta zote tatu hizo hapo, zimepangana kama zilikuwa zikinisubiri. Kuku, kiwanda, duka.

Nikabuni boksi la mayai. Si trei ile ya kawaida ya mayai thelathini, bali boksi dogo lenye mfuniko, la pembe sita, mayai sita yamezunguka na moja katikati, kama ua. Mayai saba kwa siku saba za wiki, mtu ajue akinunua leo amemaliza habari ya mayai mpaka wiki ijayo. Nilipomaliza kulichora nililiangalia nikajipongeza kwa sauti, peke yangu chumbani.

Bwana Uji nilimkuta mikono imejaa rojo hadi viwikoni. Nikamwamkia, akaitikia, akautazama mchoro muda mrefu. Akasema kalibu ya namna hiyo anaweza kuichonga, si kazi. Kisha akaniuliza kama nimeshamwuliza anayepanga mayai. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kupanga mayai ni mambo ya sekta ya kwanza, na boksi ni la sekta ya pili, kwa hiyo hapo tulipo ni yeye na mimi tu. Mzee akanitazama, akatazama rojo lake.

"Binti, kuuliza si ujinga," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Maboksi ya kwanza yalipokauka niliyapeleka bandani mwenyewe. Shangazi aliyasifu sana, akayashika kama mtu aliyeletewa nguo mpya. Akakaa kwenye kigoda chake, kapu la mayai kulia, maboksi kushoto, akaanza kazi. Mkono ukaingia kwenye kapu, ukatoka, ukaweka. Kisha akasimama kidogo. Akaingiza tena mkono, akatoa yai moja, akaliweka katikati. Boksi la pili vilevile, anakwenda, anasita, anarudi kuchukua moja. Nilimwona akikunja uso, na nilimwona amechelewa, maana mwenye baiskeli alishafika akawa anapiga kengele nje. Sasa mtu mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi nilimpiga shangazi begani nikamwambia atazoea tu.

"Nitazoea, mwanangu," akasema, na kweli sikusikia tena neno.

Wiki mbili zilizofuata nilijifungia nyumbani nachora bango la maonyesho. Nilipopita kwa shangazi nilikuta maboksi yamefungwa na kupangwa, tayari kwa kusafiri. Nikimwuliza vipi, anasema mazuri. Nikapita dukani, mama mwenye duka akaniambia yanatoka vizuri, huku akihangaika kufuta meza iliyokuwa safi. Bwana Uji naye, nikimpungia mkono, anainamia pipa lake kama kuna kitu kimemtumbukia. Niliwaona wote wana haya ya watu wanaokutana na msanii. Kichwa kilikuwa kimevimba, mlango wa nyumbani ulikaribia kunikataa.

Siku ya maonyesho nilivaa vizuri. Bango langu lilikuwa ukutani: visanduku vitatu, safari hii na mishale ya kutoka kimoja kwenda kingine, na juu yake, ndiyo, lile duara. Nilikuwa nimelipunguza kidogo tu, lionekane limejifunza. Shangazi alikuja na mkoba mkubwa, akawaamkia walimu mmoja mmoja na kuwaulizia familia zao, mpaka Mama Penseli akamwomba kwa adabu akae. Nikaanza kuongea. Niliongea vizuri, jamani! Nilieleza ua, nikaeleza siku saba, nikaeleza jinsi sekta moja inavyompa nyingine kijiti. Walimu wawili walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Nikajiona nimeshavuka.

Mama Penseli akasema sasa anataka kuona boksi lililotoka dukani, si lile la mezani nililolisugua. Masharti yalisema hivyo. Nikamgeukia shangazi, ambaye nilikuwa nimemwomba apitie moja dukani, naye akakumbatia mkoba wake kama kuna mtu anataka kumnyang'anya. Akasema labda walimu wangependa kuona hili la mezani, ndilo zuri zaidi. Mama Penseli akanyoosha mkono tu. Shangazi akalitoa.

Mfuniko ulipofunguliwa, nikaona mayai sita. Katikati, kwenye tundu la yai la saba, palikuwa na kigingi cha kijivu, kimekauka, kimechongwa sawasawa kulijaza tundu na kufika mpaka kwenye mfuniko. Kilikuwa kigumu, cha rojo la magazeti. Ungeweza kusoma herufi mbili tatu ubavuni mwake.

Mama Penseli akauliza hiki ni nini, nami nikamgeukia shangazi.

Shangazi ndiye aliyesimama. Akaomba radhi kwanza, kwangu, si kwao. Akaeleza kwamba mikono yake imezoea mayai matatu, matatu huku na matatu huku, miaka kumi na moja sasa, na trei imepangwa hivyohivyo, mistari ya sita. Sita anaweka bila kutazama. La saba linamrudisha kapuni peke yake, na likimrudisha anapoteza hesabu, na mwenye baiskeli anaondoka. Siku ya tatu alikwenda kwa Bwana Uji kumwomba ushauri, na Bwana Uji akamtengenezea vigingi vya kuziba lile tundu. Mama wa duka akaambiwa, akakubali kuwaeleza wateja kwamba ndani ni mayai sita, wasije wakaona wamepunjwa. Wote watatu wakakubaliana mtoto asiambiwe.

"Amechora kwa furaha," akawaambia walimu. "Ningemwambiaje?"

Hapo machozi yalinilenga, na sikujua kama ni ya hasira au ya nini. Nadhani nilikuwa na hasira kwanza. Watu wazima watatu wamenificha wiki mbili! Mama Penseli alichomoa penseli nyweleni, akanigeukia, na alipozungumza hakuwa mkali hata kidogo.

"Kwa hiyo sekta tatu zimekaa kikao juu ya boksi lako," akasema, "na ambaye hakualikwa ni wewe."

Nikaligeukia bango. Lile duara la dhahabu lilikuwa kule juu, peke yake, halina hata mshale mmoja. Nililiangalia nikaona kweli linaelea, tena limeanza kuelea zamani, tangu siku nilipocheka kule kwa Bwana Uji. Hasira ikaniishia palepale, ikabaki aibu, na aibu angalau ina kazi ya kufanya. Nikamgeukia shangazi, nikamwuliza lile nililopaswa kumwuliza wiki sita nyuma. Nikamwomba anionyeshe.

Akaenda mezani, akayahamishia yale sita taratibu kwenye mkoba, akanyanyua mikono mitupu ili walimu waione. Mikono ikazama, ikatoka, mayai matatu yamekaa katika kila kiganja, hayagusani kwa nguvu wala hayatetereki, na yakashuka kwenye matundu yake yote kwa pamoja bila sauti. Mwalimu mmoja akaomba arudie. Akarudia, huku akimwuliza yule mwalimu hali ya mama yake mgonjwa. Hakuangalia boksi hata mara moja.

Kisha akasema jambo ambalo nadhani aliliona dogo. Akasema tangu waanze kuweka vile vigingi, mayai hayavunjiki tena kwenye baiskeli. Siku zile mbili za mwanzo maboksi ya juu yalikuwa yanabonyeza mifuniko ya chini, lakini sasa kigingi kinashikilia mfuniko kama nguzo.

Nikakinyakua kile kigingi. Nikakirudisha, nikafunga mfuniko, nikaukandamiza kwa ngumi, haukubonyea. Nikapanda kiti, nikauegemea kwa kiganja na uzito wangu wote, haukubonyea! Basi nikasahau walimu, nikasahau mwaka, nikachukua kalamu nikaanza kuchora nyuma ya bango langu mwenyewe: mayai sita, na katikati si tundu tena, ni nguzo, imetoka na boksi lenyewe kwenye kalibu moja. Shangazi akainama juu yangu akasema nguzo iwe nyembamba zaidi juu, vidole vipite. Nikairekebisha. Nikamwuliza na mfuniko je, ufungukie upande gani? Akasema kushoto, maana kulia kuna kapu. Tukaendelea hivyo mpaka Mama Penseli alipokohoa.

Aliniuliza swali lilelile la mtihani. Mbunifu yuko wapi katika mchoro huu? Nikatazama kalamu, nikatazama visanduku, na kusema kweli sikuwa na uhakika. Nikamwuliza shangazi ananiona wapi.

"Jichore popote, mwanangu," akasema, "mradi kesho asubuhi uwe bandani."

Walimu walicheka, hata mimi nilicheka huku nafuta pua. Mama Penseli alirudisha penseli nyweleni, akaichomoa tena, akaandika. Akanipa karatasi. Sita kwa kumi. Za kupita ni tano, kwa hiyo nilikuwa nimepita kwa alama moja, na nilikuwa sijawahi kufurahia alama ndogo namna ile. Nilipomshukuru akanizuia kwa mkono.

"Ungepata saba," akasema. "La saba nimempa shangazi yako."

Kesho yake nilifika bandani kabla kuku hawajanyamaza. Shangazi alinipa kigoda, akanipa kapu, akasema matatu huku, matatu huku, usitazame. Nikavunja manne kabla ya chai. Nilimwambia nitazoea tu, naye akacheka mpaka akashika nguzo ya banda, kisha akaniambia kwamba viatu vyangu havifai kwa kazi hii, kwamba bango langu lilikuwa na maneno mengi mno, na kwamba ile rangi ya chungwa hakuipenda tangu mwanzo.