Stesheni Kuu ya Kasulu

Wenzetu hupata ng'ombe kwanza, ndipo wakatafuta kamba. Sisi wa Kasulu tulijenga stesheni kuu kabla hatujaona hata moshi wa treni.

Mwaka 1970 Kamati ya Stesheni ilimjia mume wangu, Kipriani, ikamwambia reli itapanda kutoka Kigoma na itapita katikati ya mibuni yetu, ile tuliyoipanda mwaka tuliooana. Katibu wao, Bwana Tamimu, alimwahidi ukuu wa stesheni, akamkabidhi na filimbi papo hapo ili asiwe na wasiwasi. Kipriani aliing'oa mibuni kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nililia, nikaambiwa sipendi maendeleo.

Jengo likasimama, la matofali, lenye dirisha la tiketi. Treni ikachelewa kidogo. Mwaka wa kwanza wakahifadhi mahindi humo, panya wakashukuru. Mwaka 1972 wakalala wakimbizi kutoka Burundi, na hao ndio abiria pekee walioteremka hapo. Kisha pakawa darasa la watu wazima. Nilijifunzia kusoma humo, na neno la kwanza nililolisoma bila msaada ni TIKETI. Darasa lilipokufa wakaingia mbuzi, nao hawakuomba kibali cha kamati.

Miaka minane ikapita. Kahawa hatuna, watoto wetu wanakula kwa shemeji, na shemeji ameanza kununa. Ndipo Kipriani akaenda kuomba arudishiwe shamba apande maharage. Nilikwenda naye. Tamimu alitikisa kichwa kwa huruma kubwa, akasema lile ni eneo la reli, halilimwi.

"Mzee Kipriani, treni ikikukuta katikati ya maharage, mimi nitajibu nini?"

Mume wangu hakuwahi kumjibu mkubwa hata siku moja. Nilishaanza kuona aibu kwa niaba yake.

"Ikija, nitaipisha," alisema.

Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza alichukua jembe na ile filimbi. Nilimfuata na mbegu. Tamimu na wajumbe wake walikuwa wamesimama mlangoni mwa stesheni, pamoja na mbuzi, wanatutazama. Kipriani alifika pale reli ilipopaswa kupita, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapuliza filimbi. Kisha akaanza kulima.