Risasi Kwenye Pindo la Joho

Mgomba wa kwanza ulipita saa tano asubuhi, ukielea katikati ya Mto Kuja, majani yake bado mabichi. Bathsheba Nyarangi aliuona akiwa amepiga magoti matopeni, pini tatu mdomoni, akimfunga binti yake joho la ubatizo. Alizisahau zile pini. Moja ikamchoma ulimi.

Hakuna mwingine aliyeushangaa. Watu waliojaa ukingoni walikuwa wa Migori, na kwao mgomba ni mgomba tu. Lakini Bathsheba alizaliwa juu milimani Kisii, mto huu unakotoka, na mamake alimfundisha kabla hajajua kusoma: ukiona mto umebeba takataka, chota maji yako uende, ukiona umebeba migomba, kimbia. Maana yake huko juu mashamba yanabomoka, na maji yenyewe yako njiani.

Ilikuwa Sabato moja ya Novemba 1997, mwaka ambao mvua ilikataa kukatika.

"Arobaini!" alipaza sauti Bwana Stanley, mjumbe wa wafadhili kutoka Nairobi, akizungusha filamu kwenye kamera yake. "Bado kumi, Mchungaji. Kumi tu!"

Hamsini ndiyo ilikuwa namba. Kanisa likibatiza watu hamsini kabla ya mwaka kwisha, wafadhili wangelipia mbao na mabati ya zahanati ya akina mama, ambayo kuta zake zilisimama bila paa nyuma ya kanisa tangu Machi. Bathsheba alikuwa karani wa kanisa. Mkataba ule aliutia sahihi yeye. Wazee walisita, Mzee Elkanah alisema roho za watu hazihesabiwi kama magunia ya mahindi. Bathsheba akamjibu hapohapo mbele ya baraza, "Mzee, mfadhili hasomi moyo. Anasoma namba. Tumpe namba, atupe mabati."

Hakuona haya kusema hivyo. Dada yake mdogo, Phelesia, alifia njiani akipelekwa hospitali, mtoto nusu amezaliwa, gari limekwama kwenye tope. Aliyemzika dada namna hiyo hana subira na maneno matamu.

Hata majoho yalikuwa kazi yake. Yalikuwa kumi, na kila kundi likitoka majini liliwavulia wanaofuata. Mwaka uliotangulia joho la Metrine, muuza nyanya, lilijaa hewa likampanda hadi kifuani, vijana wakacheka mpaka wimbo ukakatika. Bathsheba alikuwa fundi mwenye diploma ya ushonaji ukutani, na aibu ile aliiona ni yake. Akafunga safari hadi Homa Bay, kwa Benta auzaye vifaa vya uvuvi, akanunua vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga chini ya nyavu ili zizame.

"Nyar Kisii, umeanza kuvua?" Benta alimuuliza, akimwita binti wa Kisii kwa Kiluo.

"Navua watu. Na sitaki mapaja yao yaonekane."

Walicheka wote wawili. Alivishona vipande kumi na viwili katika pindo la kila joho, na ishirini katika yale ya wasichana. Tangu asubuhi majoho yalikuwa yametulia majini kama pazia, na akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, walimsifu.

Sasa alilishika pindo la joho la binti yake, Bitutu, lililoloa mara nne, na uzito wake ukamtisha. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

"Mama, linanivuta mabega," Bitutu alisema. Alikuwa na miaka kumi na minne.

"Nyoosha mikono. Nyamaza."

Mgomba wa pili ukapita. Huu ulikuwa na mkungu.

Bathsheba akainuka, akamtafuta Mirumbe. Mirumbe alikuwa shemasi, Mkuria wa maneno machache, na kazi yake ilikuwa kuulinda mto. Asubuhi alikuwa amechomeka kijiti pale maji yalipogusa nchi kavu. Alimkuta amekikodolea macho. Kilikuwa ndani ya maji, hatua mbili kutoka ukingoni, kimebakiza kichwa tu.

"Kimeanza kuzama lini?"

"Wakati wa kundi la nne. Nilifikiri nimekosea mahali."

"Hukukosea."

"Basi mwambie Mchungaji, Mama Bitutu. Mimi nikisema, wataniambia Wakuria wanaogopa maji."

Mchungaji Cephas Mokua alikuwa amesimama majini, maji yamempita kiuno, mkono mmoja kwenye kamba ya mkonge iliyofungwa toka mti hadi mti ili watu waishike wakiingia na kutoka. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi. Bathsheba aliingia hadi magotini ili asisikike na watu wote.

"Mchungaji, tuache hapa. Mto unakuja."

"Mto upo hapa tangu asubuhi, dada."

"Migomba inapita. Wewe ni Mokua, ni mtu wa kwetu. Unajua maana yake."

Mchungaji aliutazama mto, kisha akamtazama Stanley, aliyekuwa akifuta kioo cha kamera kwa tai yake. Ndipo Bathsheba alipoona kwamba naye anaogopa. Ila hakuogopa maji.

"Bado kumi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu bwana anarudi Nairobi kesho. Ni wewe uliyetuambia mfadhili anasoma namba. Nitawabatiza haraka. Dakika kumi na tano. Mungu aliyetulinda na arobaini atashindwa na kumi?"

Hapo ndipo Bathsheba alipaswa kusema habari za risasi. Mchungaji alijua majoho hayaelei, lakini hakujua yamebeba nini, wala vipande vingapi, wala katika majoho gani. Bathsheba alijua. Alifungua mdomo. Akaziona zile kuta zisizo na paa, na mvua ikinyesha mahali ambapo kitanda cha kuzalishia kingewekwa. Akamwona Phelesia. Dakika kumi na tano si kitu, alijiambia.

Akafunga mdomo, akarudi ukingoni.

Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hofu haikumpandia pale kwenye maji. Ilimpandia hapa, kwenye hatua zile saba za kurudi ukingoni akiwa kimya.

Wa kwanza katika kundi la mwisho alikuwa Nchagwa, msichana wa Isebania aliyeajiriwa kuchunga duka la shangazi yake, mwembamba kama ufito. Nyuma yake Bitutu. Kwaya ikaanzisha wimbo. Nchagwa aliingia, akainuliwa mkono, akazamishwa, akaibuka akikohoa na kucheka.

"Arobaini na moja!" akapiga kelele Stanley.

Nchagwa akageuka kurudi. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, mekundu kama matofali mabichi. Alipiga hatua mbili. Gogo dogo likamgonga gotini, mkono ukaachia kamba, akaenda chini.

Watu walisema, "Yuu!" Kisha wakangoja aibuke, kwa sababu mtu akianguka kwenye maji ya kifuani husimama. Bathsheba hakungoja. Alijua kinachotokea huko chini kana kwamba anakiona: mkondo umelivuta joho, pindo limezunguka miguu, na vipande ishirini vya risasi vimelibana hapo. Msichana hawezi kupiga teke. Amefungwa kama mtoto mgongoni, na aliyemfunga ni yeye.

Alikuwa na mkasi kikapuni, pamoja na pini. Asubuhi mama mmoja alikuwa amemchokoza, "Dada, mkasi siku ya Sabato?" naye akajibu kwamba hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa. Alibana mkasi kwa meno akaingia.

Bitutu alikuwa majini hadi kiunoni, ameshika kamba kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Ili kumfikia Nchagwa ilimbidi ampite mwanawe.

"Mama!"

"Usiiachie! Ukiachia nakuua mwenyewe!"

Akampita. Hakuna jambo lililowahi kumwia gumu kama kuuacha ule uso nyuma ya mgongo wake.

Mirumbe alikuwa ametangulia. Alikuwa ameshika kitu chini ya maji, mishipa ya shingo imemsimama. "Nina mkono wake," alihema. "Haji! Amenasa!"

Bathsheba akajaza pumzi, akazama. Hakuona chochote ila wekundu. Mikono yake ikapapasa kitambaa, ikafuata mshono, mshono wake mwenyewe, uliopigwa mara mbili ili usifumuke. Akalikuta pindo limejikunja kwenye vifundo vya miguu. Akakata. Mkasi wa kukatia nyuzi ni mdogo, na kitambaa alikuwa amekichagua kwa ugumu wake. Alikata, akaibuka, akameza hewa na matope, akazama tena. Mara ya tatu mguu ukampiga kidevuni. Hakuwahi kupigwa teke akashukuru vile.

Mirumbe na Mchungaji wakamkokota Nchagwa hadi kwenye nyasi. Bathsheba akarudi kwenye kamba, akambandua Bitutu kidole kimoja kimoja, maana hakuweza kuachia hata alipoambiwa. Wakatambaa nje kwa magoti. Nyuma yao mti wa upande wa pili ukang'oka na kamba ikaondoka nao, ikipiga mluzi.

Nchagwa alitapika maji. Akalia. Kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote wa kwaya.

Mvua ikaanza. Walipokuwa wamejikinga chini ya turubai, Stanley alikuja na fomu yake, viatu vimejaa tope.

"Poleni sana. Sasa, hawa tisa waliobaki," alisema, "wamekwisha kula kiapo mbele ya kanisa, sivyo? Maji ndiyo yamekataa, si wao. Andikeni hamsini. Mimi sina neno. Nani atauliza?"

Mchungaji Mokua alikuwa amekaa kwenye jiwe, akimtazama karani wake.

Bathsheba aliichukua kalamu. Alikuwa bado anaogopa, na sasa aliogopa zaidi, maana hofu ya maji hupita maji yakipita. Hii aliijua. Ni ileile iliyomfunga mdomo mtoni: ukisema kweli, paa hakuna, na mwanamke mwingine atafia njiani. Hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Mchungaji, kuna jambo sikukwambia," alisema. Akaeleza habari za risasi, zote, ishirini na kumi na mbili, mbele ya Nchagwa aliyejifunga shuka akisikiliza. "Nilijua, na nikanyamaza kwa ajili ya mabati. Leo nimekwisha nunua kwa bei hiyo mara moja. Sinunui tena."

"Lakini zahanati, dada," Mchungaji alisema.

"Ninaitaka kuliko wewe."

Akaandika: arobaini na moja. Akatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mbaya kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Stanley alikunja fomu. "Nitajaribu kuwaeleza," alisema, na huenda alijaribu. Barua ilikuja Januari: pongezi nyingi, Bwana awazidishie, lengo halikufikiwa, ombi litafikiriwa tena mwaka kesho. Kuta zikabaki zinanyeshewa. Mzee Elkanah alileta mabati sita aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya zizi lake. Yalifunika pembe moja, ya kutosha kitanda.

Bathsheba alifumua majoho yote kumi. Alipompelekea Benta risasi zake, Benta alizipima kwa mkono.

"Kwani samaki wamekwisha?"

"Nusura niwamalize," Bathsheba alisema, na Benta hakucheka.

Bitutu alibatizwa Februari, penye maji ya kiunoni yaliyotulia, baada ya Mirumbe kukiangalia kijiti chake tangu alfajiri. Alipozama, joho jepesi likajaa hewa likampanda hadi kwapani kama mwavuli uliopinduka. Vijana wakacheka, na wimbo ukakatika.

Bathsheba aliwaacha wacheke. Alikuwa na kazi ya kuhesabu pumzi, mpaka kile kichwa kilipotokeza tena juu ya maji.