Kivuko cha Kona ya Zahanati

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Arcesio Bedoya, katibu wa Kamati ya Uratibu wa Usalama Barabarani, alikuta kivuko cha waenda kwa miguu kimehama tena. Jiji lilikichora mbele ya geti la duka kubwa jipya. Sasa kilikuwa kimelala kwenye kona ya zahanati, hatua mia tatu chini, mistari yake yote kumi na miwili imelowa umande. Pale pale kwenye lami palikuwa na nyota ya njano, ile ambayo jiji huchora mahali mtu alipogongwa akafa. Ilikuwa ya doña Rubiela, bibi muuza arepa, vile vimkate vya mahindi vya kuchoma. Kivuko kilikuwa kimejipanga pande zote mbili za nyota bila kuikanyaga.

Saa mbili kamati ikaketi, kahawa ikamiminwa.

"Kivuko kikishaanza kutembea si cha ujenzi tena," alisema mhandisi wa jiji. "Hicho ni chenu, kapteni."

"Changu kikibeba abiria," alijibu kapteni wa trafiki. "Kina abiria?"

Wakacheka. Ikaamuliwa lori likirudishe getini kila siku saa tatu, kwa sahihi ya katibu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo.

Arcesio alikuwa nayo. Miaka miwili nyuma doña Rubiela, asiyejua kuandika, alikuja ofisini, na Arcesio ndiye aliyemwandikia barua ya kuomba kivuko pale zahanati. Ombi likapita. Kisha mwenyekiti akamnong'oneza kwamba wenye duka nao wanakitaka, na Arcesio akafuta "zahanati" akaandika "duka", kwa mkono ule ule. Hakutishwa. Aliombwa tu, tena kwa upole. Alijifariji kwamba maji yakimwagika hayazoleki, ingawa haya yalikuwa yakijizoa yenyewe kila alfajiri na kurudi mahali pake.

"Hakuna," akasema, akaandika hivyo.

Kesho yake, Yurany, binti wa marehemu, alimwita kutoka kwenye jiko la mama yake pale kona, kwa cheo ambacho watu wa pale humpa kila mtu wa ofisi.

"Doctor! Njoo ule arepa, ingali ya moto. Aa, rudisha pesa yako bwana! Mama alikuwa akisema, ofisi nzima ile mtu ni mmoja tu, yule aliyeniandikia barua."

Arcesio akala yote, kwa kuwa binti alikuwa akimtazama. Kisha akataka kuvuka. Alipoweka mguu kwenye mstari wa kwanza, mstari ukasogea kando. Wa pili ukasogea pia. Akavuka juu ya lami tupu, na nyuma yake mistari ikarudi taratibu chini ya miguu ya bibi mmoja mwenye bandeji.

"Usijali, doctor," Yurany alimpigia kelele. "Bado hakijakuzoea."

Saa tatu lori likaja. Arcesio akatia sahihi, kivuko kikapakiwa. Yurany akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kuwashika wagonjwa mkono, mmoja mmoja, akiwavusha.