Matanga Yasiyoanuliwa

Siku jaji alipotamka kwamba Kahigi anyongwe hadi kufa, Gaudiosa alirudi Buganguzi akaapa mbele ya ukoo: matanga ya mumewe, Byarugaba, hayataanuliwa mpaka muuaji wake anyongwe. Ukoo ukaitikia. Nani angebishana na mjane? Walidhani ni suala la wiki chache.

Miaka tisa ikapita. Mrithi hakusimikwa, kibanja cha migomba hakikugawanywa, na binti yake Annastella hakuweza kuposwa, kwani hakuna mshenga anayeingia na pombe ya ndizi kwenye nyumba yenye matanga.

"Mama, mchumba wangu amechoka," Annastella alisema. "Mwezi ukiisha anaoa kwingine."

Gaudiosa hakutulia. Asubuhi alipanda gari la Bukoba, akaenda moja kwa moja mahakamani.

"Kahigi ananyongwa lini?" alimuuliza karani.

Karani, mzee mpole, alivua miwani. "Mama, nchi hii haijanyonga mtu kwa zaidi ya miaka thelathini."

"Kwa hiyo jaji alitudanganya?"

"Hapana. Hukumu ipo. Yuko gerezani, kila kukicha anangoja kuitwa."

"Na mimi je?"

Karani akavaa tena miwani, akarudia mafaili yake.

Njia nzima Gaudiosa alikunja na kukunjua pindo la kanga. Alimkasirikia jaji, akaikasirikia serikali, lakini zaidi alikikasirikia kiapo chake, maana ukoo usingemruhusu kukivunja. Annastella akamlaki njiani.

"Vipi, Mama?"

"Wamemnyonga. Waite washenga."

Uongo ulimtoka kirahisi hata akajishangaa. Annastella akapiga vigelegele, akashika simu.

Asubuhi iliyofuata ukoo ulijaa uani kuanua matanga. Gaudiosa alikuwa akinyolewa nywele, kama ilivyo desturi. Ndipo kilio kikapasuka ng'ambo ya mpaka wa kibanja, kwa Magdalena, mama yake Kahigi.

"Omwana wange! Mwanangu, hata maiti yako wameninyima!"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaweka visu chini, wakafunga kanga waende msibani. Jirani ni jirani.

Gaudiosa alitazama kibanja cha Magdalena. Yule mama hakuua mtu. Akasimama, kichwa nusu kimenyolewa, akawapita wanawake wote mbio.

"Yu hai, Magdalena! Mwanao yu hai!"

Nyuma yake, uani, akamsikia Annastella akianza kulia.