Mimi na Marafiki Zangu

Nderitu alikuwa na kosa moja tu kwenye meza ya poka: alikuwa sahihi mno. Tangu ahamie Arlington kutoka Houston, huko huko Texas, alikuwa akicheza kila Jumamosi mchana kule Carrollton, nyumbani kwa Kalume, Mkongo wa kicheko kikubwa, na hakuwahi hata mara moja kuweka straddle.

Straddle ni hiari. Zamu ikikufika unaweka dau maradufu kabla hujaziona karata zako, basi tu mchezo uchangamke. Pale kwa Kalume ni dola mbili, na kila mtu huziweka akicheka. Lakini Nderitu alijifunzia Houston, kwenye klabu ya watu wasiosalimiana, na huko aliambiwa straddle ni kutupa pesa. Hesabu nayo, tuseme kweli, iko upande wake. Kwa hiyo zamu yake ikifika alitikisa kichwa, na meza nzima ikapoa. Wakamwita mkono wa birika, kwanza kwa utani.

Jumamosi hiyo Gakii, nesi mwenzake aliyempeleka pale, alimzuia ndani ya gari kabla hawajashuka.

"Kalume ameniuliza kama lazima nikulete. Si ati unashinda, hata hushindi sana. Ni vile unakaa hapo kama auditor. Leo straddle, Nderitu, please."

Ilimuuma. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa na kiti kimoja, na meza hii ndiyo mahali pekee Texas nzima alipongojewa na mtu. Akiikosa, Jumamosi itabaki ya kufua nguo.

Zamu ikamfika.

"Bon, ndugu yangu, unaogopa nini?" Kalume akasema. "Hapa haiko banque."

Nderitu akasukuma mbele chipsi zake, vile vidude vya plastiki vinavyosimamia pesa. Na kwa kuwa haya ilimjaa, mdomo ukatoa maneno ambayo kila mtu huyasema anapotoa mchango hadharani kwenye harambee za kanisa lao:

"Mimi na marafiki zangu, dola mbili!"

Gakii akaangua kicheko. Kalume akakunja uso, asijue ni marafiki gani hao. "Barafiki yako ni banani?"

"Ni vile tunasemanga kwetu," Nderitu akajitetea, masikio yakiwaka. "Hata kama uko peke yako."

"Peke yako? Aah, non! Umesema barafiki, basi ni sisi!" Kalume akaigonga meza. "Raundi yote! Kila mutu ataweka!"

Wakaweka kweli, kila mmoja zamu yake ilipofika, akitangaza kwa sauti ya mzee wa kanisa: mimi na marafiki zangu! Nderitu alifunua saba na mbili, karata mbovu kuliko zote, akaliwa mchana kweupe, akacheka mpaka machozi.

"Na kwako tutacheza lini?" Kalume akauliza wakiagana.

"Jumamosi ijayo," Nderitu akajibu, bila kupiga hesabu yoyote.

Garini Gakii akamtazama. "Umekula hasara?"

"Kubwa. Na usiende moja kwa moja nyumbani. Tupitie dukani kwanza."

"Kununua nini?"

"Viti."